Dolphine wa Kajiado

Florence alisema alimwona kwa macho yake mawili, mchana kweupe. Alikuwa ameenda Kajiado kufuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa dada yake, akakata njia nyuma ya soko la mifugo, na hapo, kwenye yadi moja ya magari mabovu, akamwona Wachira, bwanake Wacuka, amevua shati, ameinamia karai, na mwanamke anammwagia maji mgongoni. Maji ya moto. Mvuke aliuona. Kando ya karai kulikuwa na sabuni ya kuogea, ile ya rangi ya waridi, imewekwa juu ya kifuniko cha sufuria kama ya mgeni wa heshima.

"Na walikuwa wanacheka," Florence akasema.

"Nani alikuwa anacheka?"

"Wote wawili. Mama Ciku, unanijua, mimi si mtu wa maneno."

Wacuka alimjua vizuri. Miaka minne wamekaa ploti moja hapo Kitengela, mlango ukiangalia mlango, wakianika nguo kwa kamba moja, na haikupita siku Florence akakosa maneno. Kama angetaja busu, au chumba cha kulala wageni, Wacuka angemcheka. Lakini alitaja sabuni.

"Jiulize kitu moja tu," Florence akaendelea, ameegemea mlango kikombe cha chai mkononi, chai ya Wacuka. "Bwana yako anashinda Jumamosi nzima chini ya gari. Oili, grisi, kutu. Halafu anarudi kwako akinukia. Fundi gani hurudi kwake akinukia?"

Wacuka aliendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo, hata Florence alipoenda zake. Maharagwe yalikuwa yameshachambuliwa. Akayamwaga tena kwenye ungo, akaanza upya.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo pikapu, kuukuu kiasi kwamba Wachira alipolinunua kwa mzee mmoja wa Bisil ilibidi kwanza kuku wafukuzwe kwenye kiti cha dereva. Alikuwa ameachishwa kazi ya stoo, ana pesa kidogo mkononi na wazo moja kichwani: nyasi. Kiangazi kikishika, wafugaji wa Kitengela hununua nyasi kwa bei yoyote, na mwenye pikapu ndiye hula. Pikapu nzima hangeiweza, kwa hivyo akanunua maiti yake kwa elfu themanini na tano, akasema ataifufua mwenyewe. Ploti yao haikuwa na nafasi. Yadi ya mtu anayeitwa Obura, kule Kajiado, ilimkubali alaze gari na atumie gesi na vyombo vya kuchomea, alipe kidogo kidogo.

Kidogo kidogo ndiyo iliyowamaliza. Giaboksi ya mkono wa pili. Rediata. Kabureta, ambayo ilikuja mbovu ikanunuliwa nyingine. Mabati ya sakafu, kwa sababu sakafu ya zamani ilikuwa imeoza hadi unaona nyasi ya chini ukiwa umekaa. Pesa za Wachira zilikwisha mwezi wa tatu. Mwezi wa nne Wacuka akapata zamu yake ya chama, elfu sitini, pesa aliyoingojea mwaka mzima akitaka kufungua kibanda cha nafaka karibu na kituo cha polisi. Alikuwa ameshapima kibanda kwa hatua zake, nne kwa tatu. Wachira alikaa naye kitandani, akamshika kidole gumba vile alivyozoea kumshika akitaka kitu.

"Wacha tumalize gari kwanza. Itakuwa yetu."

Akampa zote. Na tangu siku hiyo, kila alipomwona mwanamke amepanda pikapu ya bwanake, mkono nje ya dirisha, alisimama akaifuata kwa macho hadi ipotee. Alitaka kukaa pale. Hata kabla Florence hajaja na maneno yake, Wacuka alikuwa anamwonea wivu kila mwanamke aliyeketi mbele.

Jumamosi hiyo Wachira alirudi jua likizama. Wacuka alisimama mlangoni, akamwacha apite karibu naye. Alinukia waridi. Kucha zake zilikuwa safi kuliko za mwalimu.

"Nikupakulie?"

"Nimeshiba, Mama Ciku. Nilikula huko."

"Huko wapi?"

"Si huko yadi."

Ciku, binti yao wa darasa la pili, akamrukia babake shingoni. "Baba unanuka vizuri!" akasema, na Wachira akacheka. Wacuka akageuka kufunika sufuria. Zamani, akitoka stoo, alimchemshia maji, akamsugua mgongo mahali mkono wake haufiki. Siku hizi karai lilikaa limeegemea ukuta, kavu, buibui amejenga nyuma yake.

Asubuhi ya Jumapili Wachira alikaa nje akipaka viatu vya Ciku rangi, simu yake ikiwa inachaji juu ya kabati. Wacuka hakuwahi kushika simu ya bwanake. Alijifuta mikono kwanza, kama anayeenda kushika mtoto mchanga.

Umetuma 4,500 kwa DOLPHINE AKOTH. Umetuma 7,000 kwa DOLPHINE AKOTH. 1,800. 12,000. Mia mbili. Hiyo mia mbili ndiyo ilimuuma kuliko zote, maana elfu kumi na mbili inaweza kuwa kazi, lakini mia mbili ni ya soda, ni ya kumwambia mtu nimekukumbuka. Alizisoma zote, kama ishirini, akazijumlisha kwa kichwa vile alivyofundishwa shule ya msingi, akibeba tarakimu kwa vidole. Zilifika elfu sitini na moja na mia tatu.

"Mama Ciku, kitambaa kiko wapi?" Wachira akaita.

"Chini ya kiti," akajibu, sauti yake ya kila siku, akarudisha simu mahali pake.

Hakumuuliza. Angemuuliza angejibiwa, na jibu lingekuwa limetengenezwa na Wachira, aliyeweza kumsimulia kabureta nusu saa bila kupumua. Wiki nzima alimwangalia. Aliangalia anavyokunja shati la kazi. Alhamisi, akifua, alikuta kipande cha sabuni ya waridi, chembamba kama ganda la yai, kimefungwa kwenye gazeti ndani ya mfuko wa suruali. Kumbe anapewa hata za kubeba. Akakiweka ndani ya sidiria yake, na siku hiyo yote kikamkuna.

Jumamosi iliyofuata alingoja saa mbili tangu Wachira aondoke, akavaa nguo ya kanisani, ile ya bluu yenye mkanda, akambishia hodi Florence amwachie mtoto.

"Nikusindikize?" Florence alikuwa ameshavua leso ya nyumbani.

"Baki na Ciku."

"Ukimpata usimpige, mshike nguo tu. Ukipiga mtu kesi inageuka."

Yadi haikumsumbua kuipata. Langoni alikaa mzee wa Kimaasai na redio ndogo. "Sopa," akamsalimia. "Epa," Wacuka akajibu bila kusimama. Ndani kulikuwa na wanaume sita au saba wakigonga na kuchomelea, na kwenye kona, chini ya mabati mawili, mwanamke mnene wa makamo alikuwa anapakua githeri kutoka sufuria kubwa. Karai lilikuwa pale miguuni pake. Sabuni ilikuwa pale, juu ya kifuniko.

Na Wachira alikuwa ameketi kwenye tairi, sahani mapajani, anacheka na chakula mdomoni.

Njiani kote Wacuka alikuwa amepanga atasema nini, kwa utaratibu, kwa heshima. Yote yalimtoka. Alisimama katikati ya yadi na sauti iliyotoka hakuijua.

"Dolphine ni nani hapa? Ajitokeze! Dolphine Akoth!"

Nyundo zikaacha moja baada ya nyingine.

"Mama Ciku?" Wachira akasimama, githeri ikamwagika. "Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kuona mwenye anakula pesa yangu ya chama! Elfu sitini! Ni wewe?" Akamgeukia mwanamke wa githeri. "Wewe ndiye unaosha bwana ya wenyewe? Huna wako? Dolphine, malaya wewe, mwizi wa mabwana, toka nikuone!"

"Mimi naitwa Kaluki," mwanamke akasema polepole, mwiko ukiwa bado hewani. "Mama, nyamaza. Tafadhali nyamaza."

"Sinyamazi! Dolphine atoke, ama amejificha? Malaya hujificha!"

Mtu mmoja alitoka nyuma ya lori, mrefu, ndevu zimeanza mvi, kioo cha kuchomelea kimeinuliwa juu ya paji la uso. Alikuwa anavua glavu, kidole kwa kidole, bila haraka.

"Hiyo jina ni ya laini yangu ya simu," akasema. "Mimi ndio Obura."

"Sikuulizi laini, nauliza mwanamke."

"Laini ni yake. Iliandikishwa na kitambulisho yake. Yangu mimi ilikuwa na mikopo ya simu, pesa ikiingia inamezwa yote. Kwa hivyo akanipa yake, watu wa kazi walipie hapo." Akakunja glavu. "Dolphine ni bibi yangu. Nilimzika mwaka juzi, mwezi wa nne."

Langoni redio ilikuwa inasoma bei za ng'ombe. Wacuka alitafuta uso mmoja wa kuangalia, akakosa. Mikono yake ikajishughulisha na mkanda wa nguo, ikaufungua, ikaufunga.

Obura hakumwangalia tena. "Wachira," akasema, "sina ubaya na wewe. Lakini hii yadi ni yeye alinisaidia kulipa. Hawezi kutukaniwa hapa. Jumamosi ijayo nisikute gari yako."

Nyumbani waliketi, yeye kitandani, Wachira kwenye kiti, Ciku ametumwa maziwa ambayo hayakuhitajika.

"Ungeniuliza," Wachira akasema.

"Ungeniambia! Naona jina la mwanamke kwa simu yako, mara ishirini, nifikirie nini?"

"Ningekuambia nini? Laini ni laini. Hata vipuri nanunua kupitia Obura. Nusu ya mafundi wa Kajiado wanatumia laini ya mtu."

"Na mia mbili?"

"Mia mbili gani?"

"Ulituma mia mbili."

Wachira akafikiria. "Ya chakula. Ya siku mbili. Kaluki hana simu, analipwa kwa Obura."

"Na sabuni? Uliibeba kwa mfuko."

Hapo Wachira akaangalia sakafu. "Ilikuwa imebaki kidogo, Obura akaleta mpya. Nikasema ni vibaya kutupa. Nilitaka Ciku aogee."

Wacuka alilia basi, na kilio chenyewe kilikuwa na hasira ndani, kwa sababu kila jibu lilikuwa na maana, na moyo wake bado ulikuwa unatafuta mahali pa kushika. Wachira hakumshika kidole. Alichukua kalamu na bahasha ya zamani, akaandika. Kuvuta gari hadi Kitengela, elfu kumi na tano. Mahali pa kulilaza, hakuna. Kumlipa fundi mwingine achomelee sakafu, elfu ishirini na tano, na huyo fundi hatamruhusu aguse chombo chake. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza na watu wawili walikuwa wameshamwulizia nyasi.

"Nikiuza kama vyuma nitapata arobaini," akasema. "Arobaini, Mama Ciku. Kwa hiyo kazi yote."

"Nitaenda kuongea na yeye."

"Umeongea ya kutosha."

Lakini Jumatano alienda, peke yake, na kilo mbili za sukari na majani ya chai, vile mtu huenda kwenye nyumba iliyofiwa. Florence alitaka kujua anaenda wapi na mfuko. Wacuka akapita kama hakusikia, na ilikuwa mara ya kwanza kumfanyia hivyo. Obura alikuwa anapiga mlango wa gari dogo, mapigo madogo madogo, akipapasa bati kwa kiganja baada ya kila pigo.

"Nimekuja kuomba msamaha, baba. Sikujua."

"Mm."

"Nimeleta kitu kidogo."

Obura akaangalia mfuko. "Hiyo rudishia mtoto. Anakunywa chai, si ndio?"

Wacuka akabaki amesimama na mfuko wake. Obura alipiga mapigo kama kumi kabla ya kusema tena.

"Leo tuko wawili tu. Hukumtukana tukiwa wawili." Akapapasa bati. "Kuja Jumamosi. Saa ya chakula. Wenye walisikia ile, wasikie na hii."

Akaja. Wachira alitangulia, akakaa kwenye tairi lake bila sahani. Wanaume walikuwa wamenawa tayari, wameketi juu ya viti vya magari visivyo na magari, na hakuna aliyeanza kula. Mzee wa langoni alikuwa amezima redio, na kwa Wacuka hilo lilikuwa baya kuliko yote. Alisimama palepale aliposimama siku ile. Alikuwa amevaa nguo ya kawaida. Ile ya bluu hakuweza.

"Mimi ni bibi ya Wachira," akaanza. "Wiki jana nilikuja hapa nikasema maneno mabaya. Nilitukana mtu sikumjua. Nimekosa. Naomba mnisamehe."

Obura alikuwa anaangalia mikono yake. "Mtu gani?"

"Dolphine," Wacuka akasema.

"Sema vizuri."

"Dolphine Akoth. Nilimwita malaya, na mwizi. Si kweli. Nimerudisha maneno yangu."

Mtu akakohoa. Obura akasimama, akajipangusa suruali, na Wacuka akangoja neno, lolote. "Wachira," Obura akasema, "gesi iko nusu. Mkimaliza kula uchomelee ile sakafu, kesho sitakuwa nayo." Akaenda nyuma ya lori.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Kaluki akaja na birika, akamwambia Wacuka anyooshe mikono. Maji yalikuwa ya moto. Sabuni ilikuwa mpya, makali yake hayajalainika, na Wacuka aliishika kwa ncha za vidole.

"Usiogope, nawa tu," Kaluki akasema. "Ni Dolphine alianzisha hii. Alikuwa anasema mwanaume asipelekee bibi yake oili kwa blanketi. Yule hakuwa anatoa mtu hapa mchafu, hata wa kulipa hamsini. Obura mwenyewe hawezi kununua viatu, lakini sabuni lazima aende kutafuta ileile."

"Na ile laini? Mikopo ya Obura bado haijaisha?"

Kaluki akacheka kidogo, akaangalia nyuma ya lori kwanza. "Iliisha kitambo. Laini yake iko sawa kabisa. Hataki. Anasema mtu yeyote akilipa hapa, lazima asome hiyo jina ndio pesa itoke."

Wacuka aliosha mikono hadi birika likaisha. Alidhani atamhurumia Obura, na alimhurumia, lakini chini ya huruma hiyo kulikuwa na kile kitu cha siku zote, na sasa kilikuwa kimepata mahali. Alimwonea Dolphine wivu. Mwanamke wa kaburini, na alikuwa anasomwa kila siku na wanaume wasiomjua, jina lote, herufi kubwa.

Alitembea hadi kwenye Pijo. Ilikuwa imesimama juu ya mawe, imepakwa rangi ya kijivu ya kwanza. Giaboksi ile ilikuwa yake. Rediata yake. Mabati ya sakafu yaliyoegemezwa ubavuni, yakingoja kuchomelewa, akiyapima kwa shibiri yalitoka nne kwa tatu, kama kibanda kile kwa hatua. Alizunguka gari lote, akipapasa bati kwa kiganja, akitafuta sijui nini, mkwaruzo hata, kitu cha kusema alikuwepo.

Wachira alikuwa ameshaingia chini, miguu tu ndiyo imebaki nje.

"Baba Ciku."

"Mm."

"Umekula?"

"Nitakula. Nipe spana ya kumi na saba. Hapo, ile yenye kitambaa."

Akachuchumaa, akaitafuta, akampa. Vidole vyake vyeusi vikaishika vikarudi ndani. Akasikia nati ikianza kulia.

"Logbuku ya gari iko na jina gani?"

"Bado ni ya yule mzee wa Bisil. Si nilikuambia."

"Na ikibadilishwa?"

"Tutaona. Gari yenyewe haijawaka."

"Itawaka." Akapangusa vumbi kwenye goti lake, akarudia kupangusa palepale. "Baba Ciku, sitakuuliza kitu ingine. Hata kile kibanda sitakuuliza. Naomba iandikwe jina langu. Wacuka, na hayo mengine mawili, vile iko kwa kitambulisho."

Chini ya gari, spana ikanyamaza.

Kaluki alikuwa anakusanya sahani. Mtu aliwasha gesi nyuma ya lori, ikavuma. Wacuka alibaki amechuchumaa, akiangalia soli za viatu vya bwanake, moja imegeukia huku na nyingine kule, akingoja.